Rimu ya Kushoto

Duane wa vyuma chakavu, ng'ambo ya mto, upande wa Dakota,
aliniuliza kwa simu: "Rimu saizi gani, Ardis?"
Nikamwambia tairi limeandikwa thelathini na nane.
Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Tairi ni nguo. Mimi sikuulizi nguo.
Vua, halafu unipigie."

Basi nikavua.
Novemba, viazisukari vimekwisha kuchimbwa,
udongo mweusi umeanza kuganda.
Nikaipiga jeki trekta ya baba, nyekundu ya zamani,
nikayazuia magurudumu ya mbele kwa magogo,
nikafungua nati moja baada ya moja.
Ya tano iligoma. Nikaimwagia mafuta, nikaenda kunywa kahawa,
nikarudi, nikaitukana kwa Kinorwe cha bibi,
ikakubali.

Baba aliyajaza matairi maji ya chumvi, ile isiyoganda,
yawe mazito, trekta isiteleze kwenye tope la Oktoba.
Uzito aliula yeye; kutu nimeachiwa mimi.
Kwenye tundu la vali pameliwa kabisa,
kidole kinapita, kinatokea upande wa pili,
na chuma kinabanduka tabaka tabaka
kama kitunguu kilichosahauliwa ghalani.

Nikapima. Si ukingo wa nje hadi ukingo wa nje,
hilo kosa la wenye haraka.
Unapima ndani, pale tairi linapokalia,
mdomo wa mpira ulipokuwa ukiuma chuma.
Inchi tisa. Nikaandika kiganjani.
Nikahesabu masikio ya kufungia: manane.
Nikachukua brashi ya waya kutafuta namba iliyogongwa.

Namba sikuiona. Nikaona njano.

Chini ya rangi ya fedha aliyoipaka baba,
chini ya kutu, chini ya tope la miaka sitini,
njano, kama kiini cha yai.
Kwetu hapakuwahi kuwa na trekta yenye njano.
Nikalala chali kwenye saruji, tochi mdomoni,
nikayatazama masikio: ya mwanzo yamekatwa,
mengine yamechomelewa mahali pake,
mshono mnene, uliopinda,
mshono wa mtu asiye fundi, anayefanya kazi usiku.

Njano ilikuwa ya Thorvald Haugland.
Jirani wa kaskazini. Benki ilimpiga mnada
mwezi Machi, mimi nikiwa darasa la pili:
majembe, ng'ombe, hata kitanda cha mtoto.
Kila alipotajwa mezani baba alisema,
"Sisi hatukununua hata msumari."
Na mama aliinuka kwenda kuosha vyombo
vilivyokwisha kuoshwa.

Leo nimevielewa vile vyombo.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilizunguka shamba miaka sitini,
ikilima mistari iliyonyooka.

Nikampigia Duane. Inchi tisa kwa thelathini na nane,
masikio manane, lakini siyo yake.
"Siyo ya nani?"
"Ya trekta hii. Ni ya kupachika."
Akanyamaza; nilisikia redio yake ikitaja bei ya ngano.
"Nyingi ziko hivyo," akasema.
"Watu hawakuwa na pesa, Ardis. Walikuwa na moto na vyuma."

Akaniletea nyingine Jumanne, nzima, ya ukoo wenyewe.
Ikaingia bila ugomvi. Nikakaza nati kwa kukingamisha,
juu na chini, kulia na kushoto,
nikaendesha hadi kwenye geti na kurudi,
nikakaza tena, maana nati mpya
hudanganya mara ya kwanza.

Ile ya zamani Duane aliitaka kwa kilo. Nikakataa,
sijui kwa nini. Imeegemea ukuta wa ghala,
njano yake imetazama kaskazini,
ambako sasa hakuna nyumba, ni viazisukari tu.

Imebaki rimu ya kulia.
Rangi yake ya fedha haijachubuka.
Leo nimeipita mara tatu,
brashi mkononi.